Slaidi Isiyo na Mgonjwa

Kwa miaka thelathini na minane Mzee Wembe alikata nyama za watu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumlalamikia. Tusielewane vibaya. Nyama zenyewe zilikuwa zimeshatolewa na madaktari wa upasuaji, zikalowekwa kwenye formalini ili zisioze, zikagandishwa ndani ya vibonge vya nta. Kazi yake yeye ilikuwa kukifunga kibonge kwenye mashine, kuzungusha gurudumu taratibu, na kutoa utepe mwembamba kuliko unywele mara ishirini. Utepe ukielea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, aliuopoa kwa slaidi, kile kipande cha kioo ambacho daktari hukiweka chini ya hadubini. Baada ya hapo mambo yalikuwa ya rangi na ya daktari.

Jina la Wembe alilipata hapo hapo maabara. Inasimuliwa, na msimulizi mkuu alikuwa yeye mwenyewe, kwamba mwaka mmoja alikata kipande chembamba hata kikabaki na upande mmoja tu. Siku nyingine inzi alikatiza mbele ya mashine yake, akaendelea na safari zake kama kawaida, ila kuanzia hapo walikuwa inzi wawili.

Siri ya ufundi wote huo, kwa maelezo yake, ilikuwa kidole. Utepe ukijikunja majini, wenzake waliunyoosha kwa brashi. Yeye aliugusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kidole kitupu, nao ukatulia kama shuka lililopigwa pasi. Glavu hakutaka hata kuziona.

"Umewahi kuona mtu anachagua kitambaa dukani amevaa soksi mikononi?" aliuliza kila alipoguswa hapo.

Aliyemgusa hapo kila siku alikuwa Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pili, mama wa watoto wawili wa tumbo moja na mwanamke aliyevaa glavu hata kufungua dirisha.

"Mzee, hicho kidole kimekula formalini miaka arobaini kasoro," alimwambia. "Leo kikikatwa, hakiozi."

"Basi nikifa mtakizika mwakani. Kina haraka gani?"

Na kweli dawa zilikuwa zimeila mikono yake. Wakati wa kiangazi ngozi ya vidoleni ilibambuka kama chokaa ya ukuta mkuukuu. Yeye alijipaka mafuta kidogo, akajifuta kwenye koti, akaendelea na kazi.

Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu ndipo kikaingia maabara kinyama cha shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake wa kike, alikuwa mnadi. Kila Alhamisi alasiri alipanda juu ya kreti nje ya ghala la vitu vilivyokwishatumika, makabati, majiko, viti vya ofisi, akavinadi kwa sauti isiyohitaji umeme. Kwa ajili ya sauti hiyo watu walimwita Spika, kama vile vipaza sauti vya kwenye mikutano. Wembe alikuwa na kauli yake: shemeji akipiga chafya ghalani, wagonjwa wodini wanamjibu afya. Na alipoulizwa ilikuwaje akamwoza mtu kama huyo dada yake, alijibu kwamba hakuwahi kumwoza; alikosa tu nafasi ya kumkatiza.

Sasa Spika alikuwa na uvimbe shingoni upande wa kulia, mgumu, wa ukubwa wa yai, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Daktari wa upasuaji alimchungulia kooni, akaona kisanduku cha sauti nacho kina vinundu. Akachukua kinyama cha ule uvimbe wa shingoni, ambao ulikuwa tezi, moja ya zile kambi ndogo za seli nyeupe za damu. Kisha akamwambia bila kuzungukazunguka: majibu yakisema ni saratani iliyohamia hapo kutoka kooni, Jumatatu anaifungua shingo, anasafisha tezi zote, na kisanduku cha sauti anakitoa. Akampa fomu ya kutia sahihi.

"Nimeisoma yote," Spika alisema mezani kwake, Wembe alipokwenda kumwona. "Eti naweza kuamka sina sauti. Mnadi asiye na sauti ni nini, shemeji? Ni mtu anayesimama karibu na kabati."

"Angalau dada yangu atapumzika."

"Dada yako ameshazoea. Ukimya utamtia homa."

Walicheka wote wawili, ila fomu ilikuwa pale pale mezani, chini ya kibakuli cha sukari, na haikuwa na sahihi.

Dada mtu alimsindikiza kaka yake hadi mlangoni. Hakucheka.

"Kaka, hicho kinyama kinapita kwenu?"

"Kimeshafika."

"Usimwachie mtu mwingine. Kikate wewe."

"Mdogo wangu, kuna sheria pale ndani..."

"Mimi nimekuuliza habari za sheria?"

Sheria yenyewe ilikuwa imebandikwa juu ya sinki, ndani ya plastiki: Ni marufuku mtu kushughulikia sampuli ya ndugu yake. Aliyeibandika ni Wembe mwenyewe, miaka kumi iliyopita, baada ya kijana mmoja wa maabara kusoma jina la mama yake kwenye chupa na kuanguka chini kama gunia. Siku ile Wembe alihutubia maabara nzima. Mkono unaopenda unatetemeka, alisema, na mkono unaotetemeka unakata vibaya.

Jumanne alasiri, Mama Pacha alipotoka kwenda kuchukua maji yaliyochujwa, Wembe aliinua trei yake na trei ya Mama Pacha, akabadilisha kibonge kimoja. Jina la kwenye fomu ya sampuli lilikuwa refu, la serikali, wala hakuna aliyelijua kuwa ni la Spika.

Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kibonge kilikuwa kigumu na kinyama chenyewe kilikuwa dhaifu, kwa sababu huko kilikotoka kilikaa muda mrefu kabla ya kutiwa formalini, kikaanza kuharibika. Utepe ukatoka na mikunjo. Wembe akausogeza kwa kidole, akaugusa kushoto, akaugusa kulia, akaupapasa mara nyingi kuliko alivyowahi kuupapasa utepe wowote. Hatimaye ukatandazika. Akauopoa, akaushika mbele ya dirisha, akaona hauna kasoro.

"Shemeji," aliuambia, "hapa umetulia kuliko siku zote."

Slaidi ile ilikuwa ya kazi maalumu. Daktari wa hadubini, mwanamke wa makamo aliyezoea kuzungumza na watu akiwa amewapa kisogo na jicho liko kwenye lenzi, alikuwa ameshaangalia slaidi ya kwanza yenye rangi za kawaida, akaona seli kubwa kubwa zisizo na mpangilio. Kwamba ni saratani, hilo halikuwa na ubishi. Kwamba ni saratani ya wapi, hakuweza kusema, maana kinyama kilikuwa kimechakaa. Ndipo akaagiza keratini.

Keratini ni ile protini inayoipa ngozi ugumu wake, na kucha, na nywele. Na jamaa zake wamo ndani ya seli zinazotandika koo, tumbo, mapafu na matiti. Saratani ikianzia kwenye tandiko kama hilo ikahamia kwingine, seli zake hubadilika sura, ila kwa kawaida keratini hubaki nayo ndani. Basi maabara hutumia kingamwili, tone la dawa linalotafuta keratini na kuing'ang'ania, halafu rangi ya kahawia humiminwa juu yake. Palipo na keratini panakuwa kahawia. Pasipokuwa nayo panabaki buluu. Na kama saratani imeanzia kwenye zile seli nyeupe zenyewe za tezi, kwa kawaida huoni kahawia. Hiyo ni saratani nyingine kabisa. Hiyo haitaki kisu, inataka dawa za mshipani, na wengi hupona.

Kwa maneno mengine, sauti ya Spika ilikuwa inangoja kahawia au buluu.

Kulikuwa na kingamwili ya pili, ile inayozitambua seli nyeupe, ambayo ingemaliza ubishi wote. Chupa yake ilikuwa imeisha. Hospitali jirani waliahidi kuwaazima Jumatano ya wiki inayofuata, na upasuaji ulikuwa Jumatatu.

Jumatano slaidi ilichemshwa kwenye sufuria ya presha, kama inavyotakiwa ili nyama iliyoganda ifunguke na kuipokea dawa, ikatiwa kingamwili, ikatiwa rangi. Alhamisi asubuhi daktari akamwita Wembe kwenye hadubini yenye vichwa viwili, ambayo watu wawili wanaweza kuangalia kitu kimoja.

"Kidole tumbo kimekubali?" aliuliza kisogo.

Pembeni ya kila slaidi waliweka kipande cha kidole tumbo cha mtu mwingine, ambacho wanajua kina keratini. Kisipogeuka kahawia, basi rangi haikufanya kazi. Wembe akachungulia. Tandiko la kidole tumbo lilikuwa kahawia safi, kama mkate uliokaushwa vizuri.

"Kimekubali, Daktari."

"Haya, tuhamie kwa mgonjwa."

Uwanja wa buluu. Seli kubwa kubwa, mbovu mbovu, zimesongamana. Na kati yao, hapa kimoja, pale viwili, vipande vya kahawia inayowaka.

"Ni chache," daktari alisema. "Lakini zipo. Nyama imeharibika, huenda nyingine zimepoteza keratini yao na hizi ndizo zilizobaki."

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya daktari wa upasuaji, ikisikika mpaka kwa Wembe: kitanda kipo, chumba cha upasuaji kipo, mtu wa dawa ya usingizi yupo, karatasi iko wapi?

"Sijaandika bado," daktari alisema. "Ila ndiko ninakoelekea. Kesho saa tisa alasiri utaipata."

Wembe alisimama akiwa ameshika kiti. Midomo ilifunguka aseme, *huyo ni shemeji yangu*, ikajifunga yenyewe. Aseme ili iweje? Rangi imeshasema.

Alasiri ile alikwenda mnadani. Hakuwa na la kununua, lakini nyumbani hakukukalika. Kulikuwa na watu wengi kuliko siku zote, maana habari ya fomu ilikuwa imeenea, na Spika alinadi kama mtu anayemalizia akiba. Jiko bovu alilinadi kwa sifa ambazo jiko lenyewe lingeona haya. Kiti cha ofisi kilichokosa gurudumu alisema kimefundishwa adabu, hakikimbii ovyo. Sauti ilikwaruza, ikapasuka, ikarudi. Dada alikaa kwenye benchi kando ya mlango wa ghala, mikono mapajani.

Kisha likaja kabati lenye kioo kirefu cha kujitazamia, na wapagazi walikuwa mbali.

"Shemeji! Wewe unayezurura! Shika upande huo!"

Wembe akashika upande huo. Wakalisogeza mbele ya watu. Spika akapanda kreti, akanyoosha mkono kukisifu kioo, akakitazama, akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliwashtua watu wote.

"Jamani, jamani," alisema. "Nani kamruhusu huyu mzee kugusa mali yangu? Tazameni! Kioo kilikuwa safi kama maji, ameshakimwagia magamba kama samaki! Shemeji, wewe unabanduka! Hapa kwangu huuzwi hata kwa kilo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wembe naye alitazama kioo. Pale alipokuwa amekishika, palikuwa na alama za vidole vyake vitano, na kwenye kila alama vijipande vyeupe vya ngozi, vikavu, vimeng'ang'ania.

Alivitazama kwa muda mrefu, watu wakadhani amekasirika.

"Mzee, ni utani tu," mtu mmoja alimwambia.

"Ngozi," Wembe alisema.

"Ndiyo, ngozi yako. Kajipake mafuta."

Wembe hakungoja mafuta. Alikuwa ameshaondoka, tena kwa mwendo ambao wale waliomwona waliapa kwamba kivuli chake kilimkuta mbele.

Maabara ilikuwa imefungwa. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Pacha alimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono imefichwa kwapani kama mtu aliyeiba.

"Kuna nini, mzee? Umefukuzwa nyumbani?"

"Mama Pacha, leo nitukane utakavyo, ila nisikilize kwanza." Akamweleza yote: shemeji, trei, kibonge, kidole. "Keratini ni ngozi, sivyo? Na mimi nimemwagia beseni ngozi. Ule utepe niliupapasa kama mtoto mchanga. Ile kahawia aliyoiona daktari, nadhani ni mimi."

Mama Pacha hakumtukana. Alisimama na funguo mkononi, akavuta pumzi ndefu.

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani."

"Daktari haandiki anachodhani mzee wa kwenye ngazi."

"Ndiyo maana nimewahi."

Mpango wao ulikuwa rahisi. Mama Pacha alimwaga beseni, akalisugua, akatia maji mapya. Akachukua kibonge cha nta tupu, kisicho na nyama ya mtu yeyote, akiwa amevaa glavu akakata tepe mbili, akaziopoa kwa slaidi mbili. Halafu akamsogezea Wembe gurudumu.

"Haya, fundi. Fanya kama ulivyofanya Jumanne. Usijitie adabu leo."

Wembe akakata tepe mbili za nta tupu. Akazigusa kushoto, akazigusa kulia, akazipapasa. Akaziopoa.

Mwisho Mama Pacha akamwaga tena maji, akasafisha tena, akakata upya kinyama cha Spika kwa mikono yake yenye glavu na brashi safi. Wembe alisimama mita mbili nyuma, kama mzazi nje ya chumba cha mtihani. Utepe ukatoka na mkunjo mmoja. Akafumba macho ili asiunyooshe kwa mawazo.

Saa mbili daktari alipoingia, slaidi zilikuwa kwenye joto zikikauka. Wembe alimfuata mezani.

"Daktari, ile slaidi ya tezi usiisainie. Niliikata mimi, bila glavu. Na mgonjwa ni shemeji yangu."

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, daktari alimgeukia uso mzima. Wembe akagundua kwamba alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi; hakuwahi kuliona.

"Ile karatasi ya juu ya sinki," daktari alisema polepole, "aliibandika nani?"

"Mimi."

"Na nikiisimamisha ripoti hii, halafu ikaonekana ni kweli ni saratani ya koo, unajua mtu yule atakuwa amepotezewa wiki?"

"Najua. Ndiyo maana tumeandaa slaidi zisizo na mgonjwa, za nta tupu. Nipe mpaka saa nane. Zangu zisipotoka kahawia, sainia, nami nitaandika barua ya kuacha kazi hapo hapo."

"Barua utaandika hata zikitoka kahawia," daktari alisema. "Ya maelezo. Kwangu, yenye tarehe."

"Nitaandika."

Sufuria ya presha ilichemka, ikafoka, ikatulia. Slaidi zikaoshwa, zikatiwa matone, zikangoja, zikaoshwa tena. Wembe alijipangusa mikono kwenye koti mara nyingi hata Mama Pacha akamwamuru akalie vidole vyake. Saa nane kasorobo rangi ya mwisho ilioshwa, na wote watatu wakaenda kwenye hadubini. Mama Pacha hakupata kichwa cha kuchungulia, akawa anauliza tu.

Daktari alianza na slaidi za Mama Pacha, zile za nta tupu. Hakuna kitu. Weupe mtupu. Akaweka za Wembe.

"Mmh," alisema kisogo.

"Mmh nini?" Mama Pacha aliuliza.

Ilikuwa kama majani makavu yaliyotawanyika uwanjani. Vipande vya kahawia, bapa, vyenye kingo zilizokunjamana, kimoja hapa, viwili pale.

"Kwa mujibu wa slaidi hii," daktari alisema, "beseni letu la maji lina saratani ya koo."

Mama Pacha alicheka peke yake, akaacha.

Daktari akaitoa ile slaidi ya Jumanne, akairudisha chini ya lenzi, na safari hii akaangalia kimoja kimoja, akizungusha kidogo kidogo kitasa cha kusogeza lenzi. Seli za mgonjwa zilipoonekana vizuri, vipande vya kahawia vilififia. Kahawia ilipoonekana vizuri, seli zilififia. Havikuwa katika kina kimoja. Vipande vilikuwa vimekaa juu ya seli, kama vumbi juu ya picha. Wala havikuwa na kiini ndani, maana ngozi inayobambuka imeshakufa zamani.

"Nilipaswa kuliona hili jana," alisema. "Simu ilikuwa inalia, nikaona nilichoambiwa nikione."

Akaweka slaidi mpya, ile ya glavu. Kidole tumbo, kahawia. Kwa mgonjwa, buluu. Akatembeza slaidi kutoka pembe hadi pembe, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima, na Wembe alimfuata kwenye kichwa cha pili bila kupepesa. Buluu, buluu, buluu mpaka mwisho.

Saa tisa kamili simu ililia. Daktari aliipokea mwenyewe.

"Keratini haipo," alisema. "Ndiyo, nilisema hivyo jana, na jana nilikosea. Hapana. Kisu kisubiri Jumatano. ... Basi kitanda mpe mtu mwingine."

Jumatano chupa ya kuazima ilifika, imefungwa kwenye barafu kama samaki wa thamani. Mama Pacha akakata, Mama Pacha akatia rangi, Wembe akafagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Safari hii kahawia ilijaa slaidi nzima, seli baada ya seli, kila seli na pete yake. Zilikuwa seli nyeupe za damu zilizoasi nyumbani kwao. Daktari aliandika ripoti ya mistari sita: saratani ya tezi zenyewe, apelekwe kwenye dawa. Vile vinundu vya kooni vilichunguzwa baadaye, vikaonekana ni sugu tu, za mtu aliyepiga kelele miaka thelathini.

Wembe aliandika barua yake ya maelezo, kurasa mbili, bila kumsingizia inzi. Alipewa onyo, la kwanza katika miaka thelathini na minane. Kisha akaenda kwa shemeji yake, akamweleza, kwa kuwa asingemweleza yeye, angemweleza Mama Pacha kwa kutia chumvi.

Spika alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo pia halikuwahi kutokea.

"Ngoja nielewe," alisema. "Nilikuwa nikatwe koo kwa sababu ya kidole chako?"

"Ndiyo."

"Na nimeponea wapi?"

"Kwenye kabati lako."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. "Mimi ndiye niliyemwambia akikate mwenyewe," alisema.

Spika alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake.

"Miaka yote hii umenikalia kooni," alisema, "kumbe mpaka kwenye hadubini!" Akaanza kucheka, kikohozi kikamshika, na dada akampigapiga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha dada akaivuta ile fomu chini ya kibakuli cha sukari, akaipasua vipande vinne, akarudi jikoni.

Dawa zilimchukua Spika miezi mitano. Nywele zilimtoka zote, nyusi pia, akapungua hadi suruali ikawa inamsubiri pale aliposimama. Lakini uvimbe uliyeyuka kabla ya awamu ya tatu, na sauti haikwenda popote. Wembe, katika miezi miwili iliyobaki, alikata kwa glavu. Wiki ya kwanza aliharibu tepe kumi na moja. Wiki ya tatu hakuharibu hata moja, ingawa alisisitiza kwamba glavu zake ni za aina tofauti, nyembamba, wakati zilitoka kwenye boksi lile lile la Mama Pacha. Siku ya mwisho aliomba kitu kimoja tu cha kuondoka nacho, na daktari akampa: ile slaidi yake isiyo na mgonjwa, imefungwa kwenye karatasi laini.

Alhamisi moja baada ya dawa kwisha, alikwenda mnadani. Spika alikuwa juu ya kreti, kipara kinang'aa, kofia mkononi. Kile kioo kirefu cha kabati kilikuwa bado kipo. Hakuna aliyekinunua, maana Spika kila wiki alisahau kukinadi.

"Mabibi na mabwana!" alinguruma, na mbwa wa mtaa wa tatu akaitika. "Kioo hiki hakiuzwi! Kioo hiki kinapewa mstaafu, bure, kwa sharti moja! Shemeji, njoo!"

Wembe alisogea mbele. Spika alichomoa kitu mfukoni, akamrushia. Ilikuwa jozi ya glavu.

"Vaa kwanza," alisema. "Ndipo ubebe."